Namfundisha binti yangu mwenyewe nyumbani, mbona chumvi imejaa jikoni?

Mpendwa Mama Lukresia, shikamoo, na kamwene, salamu ya hapa Makambako. Naomba msaada wako, ila kwanza uniache nimalize ndipo unigombeze, maana nakusoma kila Jumamosi na mkono wako naujua, yule bwana wa Ilembula aliyekuandikia mwezi uliopita nilimwonea huruma mpaka leo.

Mimi naitwa Awadhi, nina miaka thelathini na minane, mwenyeji wa Kondoa lakini huu ni mwaka wa ishirini na moja niko hapa. Nilikuja na mfuko mmoja wa nguo na cheti cha darasa la saba, nikabeba mizigo stesheni, nikabeba mizigo stendi, nikaanza kununua viazi debe mojamoja Kitandililo na kuuza barabarani, na leo nina uwanja wangu wa kupakia na Fuso mbili ambazo hakuna mtu aliyenichangia hata tairi. Nayasema haya ili ujue kwamba huyu anayekuandikia si mvivu na si mjinga, na kitu kikinihusu huwa nakihesabu.

Sasa mwezi wa tano nilipeleka shuleni mahindi yetu ya chakula cha mchana, ile zamu ya wazazi, nikasema ngoja nichungulie darasa la binti yangu Salha, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Nikasimama dirishani nikahesabu. Mama, watoto mia moja ishirini na saba. Nilihesabu mara mbili, mara ya pili kuanzia nyuma. Madawati thelathini na moja, kila dawati watoto watatu, hao ni tisini na tatu, thelathini na wanne wako chini sakafuni wameandikia magotini, na mwalimu ni mmoja, Mwalimu Dorika, sauti imemkauka. Kipindi ni dakika arobaini. Nikapiga hesabu palepale kwenye simu: sekunde elfu mbili na mia nne gawanya kwa mia moja ishirini na saba, kila mtoto anapata sekunde ambazo hazifiki kumi na tisa. Mama Lukresia, sekunde kumi na tisa mtu anapiga chafya, anasema alhamdulillahi, zimekwisha. Nikamshika Salha mkono tukaondoka.

Tangu siku hiyo namfundisha mwenyewe, pale ofisini uwanjani, saa moja asubuhi mpaka saa sita mchana, masaa matano, sekunde elfu kumi na nane na zote ni za kwake peke yake. Nilinunua vitabu vyote vya darasa la tatu, ubao, chaki, na kengele nilitengeneza kwa rimu ya gari. Siwezi kudanganya, simu huwa zinaita, madereva, mawakala wa Dar, asubuhi moja zinaweza kufika arobaini, lakini nikipokea namwambia aendelee na zoezi. Vijana wa uwanjani wamenipa jina. Edson, kiongozi wa wapakiaji wangu, akiona gari limeingia anapiga kelele, "Hedimasta, kuna mzazi amekuja na tani saba!" Nami nimenyamaza kwa sababu matokeo nayaona. Salha anajua jedwali la kuzidisha mpaka ishirini na tano. Anasoma gazeti zima, hata hii safu yako anaisoma na anacheka. Jiografia anaijua kwa barabara. Na jioni anakwenda madrasa, huko sikumtoa, maana ustadhi wetu anawaweza, watoto kama sitini, wakubwa wanawasikiliza wadogo na yeye anazunguka, na Salha Juzuu Amma yote iko kichwani.

Basi nikajua nimeshinda. Kumbe ndiyo kwanza vita vinaanza.

Kwanza mke wangu Yasmini. Siku ya kwanza alisema sentensi moja tu, "Baba Salha, mtoto si gunia, huwezi kumhifadhi ofisini," kisha akanyamaza miezi mitano, na Yasmini akinyamaza, Mama, ni bora angepiga kelele. Halafu akaja Mwalimu Dorika mwenyewe na viatu vyake vimejaa vumbi.

"Baba Salha, nimekuja kumwona mwanafunzi wangu."

Nikamwambia, "Mwanafunzi wako ana mwalimu."

"Kwenye daftari langu la mahudhurio bado yupo," akasema. "Kila asubuhi nikiita jina lake darasa zima linaitikia, 'Yuko viazini!'"

Yasmini akaangua kicheko hadharani mbele ya mgeni, mimi nikaona nimevunjiwa heshima nyumbani kwangu. Wiki hiyohiyo ikaja barua ya mtendaji wa mtaa kwamba mtoto mwenye umri wa shule anatakiwa awe shuleni, nifike nijieleze. Nikafika. Nikasema sawa, mpimeni. Mkimkuta yuko nyuma ya wenzake nitamrudisha, mkimkuta yuko mbele mniache. Mwalimu Dorika akakubali, akatunga maswali ishirini, Salha akafanya ofisini kwa walimu, mimi nikasimama dirishani kuhakikisha hakuna wa kumtisha.

Akapata kumi na saba. Anayeongoza darasa, mtoto anaitwa Lightness, mtihani huohuo alipata kumi na sita. Nilitamani kupiga honi ya Fuso palepale kwenye uwanja wa shule.

Lakini yale matatu aliyokosa ndiyo wanayonichekea nayo mji mzima. La kwanza, waliuliza gunia moja la viazi lina madebe sita, magunia matano yana madebe mangapi. Salha alikata ile sita kwa rula, akaandika juu yake nane, akajibu arobaini, na pembeni akaandika, "Mwalimu, swali lako limekosewa, sita ni kabla ya kushonea mlima wa juu." Sasa Mama, mimi najua serikali imekataza lumbesa, hilo gunia la mlima, lakini mtoto ameandika anachokiona. La pili, taja mikoa minne inayopakana na Njombe, akaandika Mafinga, Iringa, Mikumi, Morogoro. Nikamwambia Mwalimu Dorika miwili ni sahihi, mpe nusu. Akasema, "Baba Salha, huo si mpaka, hiyo ni ruti ya gari lako." La tatu lilikuwa jepesi kuliko yote: taja marafiki zako watatu na mchezo mnaoupenda. Aliliacha wazi. Aliinua macho akanitazama mimi pale dirishani, akainama, akalifunika kwa kiganja. Nikadhani amechoka.

Sasa nije kwenye chumvi, ambayo ndiyo imenifanya nikae nikuandikie.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta tochi jikoni, nikafungua kabati la chini, nikakuta pakiti za chumvi. Nikazitoa nikazipanga sakafuni, thelathini na moja. Nyumba yetu ina watu watatu, Mama. Pakiti moja inatukalisha mwezi na zaidi. Nikamwita Yasmini nikamwuliza tunafungua duka au tunakausha nyama ya tembo. Akakaa kwenye kigoda akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Wewe unayehesabu viazi vya watu wote," akasema, "chumvi ya nyumbani kwako leo ndiyo unaiona? Kamwulize anayekwenda kuinunua."

Anayekwenda kuinunua ni Salha. Saa nne huwa nampa mapumziko ya dakika ishirini na hela ya andazi, na mara nyingi anasema, "Baba, napita dukani, chumvi imeisha." Nikasema haya, chumvi itakuwa inaisha, mimi ni mtu wa viazi sijui mambo ya jiko. Siku ya pili yake nikamfuata kwa mbali. Duka analonunua si hili la jirani. Ni lile linalotazamana na uwanja wa shule.

Alinunua pakiti yake, akaiweka chini kwenye nguzo, akainama akapita kwenye uzio wa mabanzi, kuna mawili yameachia. Na shule saa nne ni mapumziko. Walikuwa wanamngoja, Mama. "Salha Chumvi amefika!" Wakampisha katikati, wanacheza rede, wawili wanarusha mpira wa soksi huku na huku na yeye anakwepa, na darasa zima linahesabu kwa sauti, thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja, na huyo Lightness aliyezidiwa naye kwa swali moja ndiye anayepiga makofi kuliko wote. Alipopigwa alianguka chini anacheka. Kicheko kile, Mama Lukresia, mimi tangu mwezi wa tano sijakisikia ofisini kwangu. Nilirudi haraka nikakaa kwenye kiti changu, naye akaja na vumbi kwenye nywele na chumvi mkononi, akasema, "Baba, tumefika ukurasa wa ngapi?"

Sikumwambia nimemwona. Nashindwa. Na mtendaji na Mwalimu Dorika wamenipa mpaka Ijumaa ijayo niseme, maana orodha ya darasa la nne la Januari inafungwa. Kwa makubaliano tuliyowekeana mimi nimeshinda, kumi na saba kwa kumi na sita, tena wao ndio waliotunga mtihani. Nikimrudisha, zile sekunde kumi na tisa zinarudi, na Edson atanicheka mpaka Pasaka. Nikikataa, nitampigilia misumari ule uzio kwa mkono wangu. Shule ya bweni usinitajie, siwezi kumpeleka mtoto wa miaka tisa akalale kwa watu. Hesabu zangu nimezirudia na sioni nilipokosea. Nionyeshe, Mama, lakini kwa namba, si kwa methali.

Awadhi, Baba Salha, Makambako.

*

Marahaba, mwanangu Awadhi, na kamwene ya Njombe.

Nimekusikia, nimekuacha umalize, sasa kaa vizuri kwenye kiti chako cha uhedimasta. Umetaka namba, nitakupa namba. Nimefundisha miaka thelathini na mitatu kabla sijastaafu hapa Mjimwema, na mwaka mmoja nilikuwa na watoto mia moja na wanne darasa la pili. Kwa hiyo ukiniambia mia moja ishirini na saba ni wengi, sibishani nawe. Ni wengi mno. Ni aibu, na aliyehesabu mara mbili amefanya kazi ambayo wazazi wengine wote mia moja ishirini na sita hawakuifanya. Hongera, na pole.

Lakini hizo sekunde elfu kumi na nane zako, tuzihesabu upya. Umesema mwenyewe simu arobaini kwa asubuhi. Nakuonea huruma naweka dakika tatu kwa kila moja, maana wafanyabiashara wa viazi nawajua hamsemi kwaheri. Arobaini mara tatu ni dakika mia moja ishirini, masaa mawili. Magari yakiingia unatoka kupima na kubishana, weka saa moja. Zinabaki mbili. Katika masaa matano, Salha ana baba masaa mawili, na masaa matatu ana zoezi na ukuta. Ndiyo maana mtoto anayejua jedwali la ishirini na tano anaamini Mikumi ni mkoa. Hujamfundisha nchi yake, mwanangu, umemfundisha barabara yako. Na madebe nane! Wakulima wa Kitandililo wanalisoma gazeti hili, Awadhi. Binti yako ameandika ushahidi kwa kalamu ya wino na wewe ukasimama dirishani unashangilia. Rudi kwenye madebe sita kabla mtu wa mizani hajafika uwanjani kwako.

Kosa lako kwenye hesabu ni hili. Ulichukua mwalimu ukamgawanya kwa watoto. Hukuwazidisha watoto kwa watoto. Nami sihitaji kukufafanulia sana, kwa sababu jambo lenyewe unalijua na umeliandika kwa mkono wako: madrasa. Ustadhi mmoja, watoto sitini, mbona hukupiga hesabu ya sekunde kule? Kwa sababu unaona wakubwa wanawasikiliza wadogo, na Juzuu Amma imeingia kichwani. Kumbe mtoto wa pembeni naye ni mwalimu unapomtazama ukiwa ndani, ila ukimchungulia dirishani anakuwa msongamano. Salha hakosi mtu wa kumweleza hesabu za sehemu. Anakosa Lightness, mtoto anayemzidi kidogo leo, anazidiwa naye kidogo kesho, na anapiga makofi. Huyo hauzwi dukani pamoja na ubao na chaki.

Sasa lile swali la tatu. Mtoto hakuwa amechoka. Aliulizwa marafiki zake, akakuona dirishani, akachagua kupoteza alama kuliko kukuumiza. Wewe umeniandikia kurasa nne za malalamiko. Yeye amekuandikia pakiti thelathini na mbili, ukiongeza ile ya siku uliyomfuata, kila moja inasema neno lilelile, na amezinunua kwa andazi lake. Usikasirike kwamba amekuficha. Mimi nasema umshukuru Mungu kwamba una mtoto anayekupenda kiasi hicho na mwenye akili kiasi hicho, kisha ukamwondolee mzigo.

Na kuhusu makubaliano, ndiyo, umeshinda. Kumi na saba kwa kumi na sita. Lakini mshindi ndiye mwenye nafasi ya kurudi kichwa juu, aliyeshindwa ndiye anayerudishwa. Isitoshe mtendaji hajakutania: sheria inamtaka mtoto huyu shuleni, na ule upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hataufanyia kwenye uwanja wa viazi hata ukipiga kengele ya rimu mpaka ipasuke.

Fanya hivi. Usingoje Ijumaa. Jumatatu asubuhi nenda kwa Mwalimu Dorika, umwambie jina la Salha libaki kwenye daftari na Januari likiitwa ataitikia mwenyewe. Ukiwa hapohapo omba kuingia kwenye mkutano wa wazazi na kamati ya shule, na uende na hesabu yako, ile ya watoto thelathini na wanne waliokaa chini. Watatu kwa dawati ni madawati kumi na mawili. Wewe unapakia malori, mkoa huu ni wa mbao, na wazazi mko mia moja ishirini na saba. Mtu aliyejenga maisha yake kuanzia debe moja atashindwa madawati kumi na mawili? Yakipatikana, mnaanza kudai mkondo wa pili na mwalimu wa pili, kwa barua, na barua unajua kuandika, hii nimeiona. Ulipomtoa mmoja umepunguza mia moja ishirini na saba ikawa mia moja ishirini na sita, ndiyo faida yote uliyolipatia darasa.

Ofisi yako usiifunge. Badilisha saa tu. Jumamosi asubuhi, masaa mawili, simu umpe Edson, chukua watoto wanane au kumi wa darasa hilo uwafundishe jedwali la kuzidisha, wewe kwa hilo una kipaji na sikutanii. Jina la hedimasta halitakuchoma tena, utakuwa umelifanyia kazi. Yasmini mwambie umekosa, kwa maneno hayohayo, bila kutaja asilimia. Amenyamaza miezi mitano, anastahili sentensi moja fupi.

Wewe Salha, najua umeshafika hapa, maana baba yako amesema unaisoma safu hii. Shikamoo yako nimeipokea. Umefanya vizuri mtihani. Shule ina geti, kuanzia Januari pita hapo, mabanzi yatakuchana sketi. Na mtu akikuuliza rafiki zako, wataje, hata baba akiwa dirishani.

Imebaki chumvi, Awadhi. Umenitajia kwamba wazazi mna zamu ya mahindi. Makande ya watoto wengi hivyo yanakula chumvi kuliko unavyofikiri. Pakia pakiti thelathini na moja kwenye boksi upeleke jikoni kwa mpishi wa shule, Salha abebe yeye mwenyewe, na apite nayo getini. Bakiza moja nyumbani. Ikiisha, usimtume mtoto. Nenda mwenyewe, lile duka la mbali, saa nne kamili, na ukishalipa usiondoke haraka, geuka utazame uwanjani wamefika ngapi.